Kukaza bolti za baiskeli kwa kipimo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Bolti nyingi zilizokatika ambazo nimezitoa kwenye baiskeli hapa Temeke hazikukatika kwa uzee. Nyingine zilikazwa kupita uwezo wake, nyingine zilikazwa kidogo mno zikaachwa zicheze mpaka zikachoka, na katika hali zote mbili aliyeshika spana alikuwa anakisia. Katika mwongozo huu ninaeleza namna ya kukaza kwa kipimo, na namna ya kukipata kipimo hicho hata kwa mtu asiye na spana ya toki (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kutumia dumu la maji ambalo karibu kila nyumba ya Dar es Salaam inalo.

Kwanza tuelewane bolti inafanya nini. Bolti ikikazwa huvutika kidogo sana, kama springi ngumu, kisha hutaka kurudi katika urefu wake wa awali. Mvuto huo ndio unaovibana vipande viwili visiteleze. Ikiwa mvuto ni mdogo, vipande husogea kila gurudumu linapoingia shimoni, na bolti hupindwa huku na huku maelfu ya mara hadi ufa uanze kwenye nyuzi. Ikiwa mvuto umezidi, chuma hurefuka kisiweze kurudi tena. Hali hii ya pili hujulikana mkononi: spana iliyokuwa ikizidi kuwa ngumu ghafla inakuwa laini, ingawa bolti bado inazunguka. Ukihisi hivyo, simama hapo hapo, ifungue bolti hiyo uitupe, kwa sababu hata ikionekana nzima haifai kurudishwa.

Nguvu ya kukazia hupimwa kwa nyutoni mita, ambazo huandikwa Nm. Kwa hesabu ya karakana, chukua kilo unazovuta, zidisha kwa urefu wa spana kwa mita, kisha zidisha kwa 10. Ukivuta kilo 10 kwenye spana ya sentimita 20, umekaza kwa takriban 20 Nm. Mkono ule ule ukivuta kwa nguvu ile ile kwenye spana ya sentimita 40, umekaza kwa takriban 40 Nm, na hii ndiyo sababu bomba la kurefushia spana limeharibu bolti nyingi kuliko kutu.

Hatua ya 1: Tafuta namba kabla ya kushika spana

Kwenye baiskeli za kisasa, kiwango cha kukaza mara nyingi kimechapwa kwenye kifaa chenyewe, karibu na kichwa cha bolti, kwa maandishi madogo kama “5 Nm” au “Max 6 Nm”. Futa vumbi, washa tochi ya simu, usome. Neno “Max” lina maana ya mwisho usiovukwa, kwa hiyo anzia chini yake. Baadhi ya baiskeli za mitumba kutoka Japani zina namba iliyoandikwa kwa kgf·cm, yaani kilo za nguvu kwa sentimita. Igawe kwa 10 utapata Nm kwa ukaribu unaotosha.

Pasipokuwa na maandishi, ukubwa wa bolti hukupa dalili. Alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4 kwa kawaida hufunga bolti ya M5, yaani yenye nyuzi za kipenyo cha milimita 5, ambayo ikiwa ya chuma imara hubeba 5 Nm hivi. Alenki ya 5 hufunga M6, na hapo unaweza kufika 8 au 9. Tazama pia kichwani: bolti yenye alama 8.8 au 10.9 imetajwa uimara wake, na namba kubwa ndiyo imara zaidi. Ukienda Kariakoo kununua bolti ya shingo ya usukani, usikubali bolti isiyo na alama yoyote eti kwa sababu inaingia vizuri. Bolti ya aina hiyo inaweza kufaa kwenye kishikio cha chupa ya maji, lakini usukani ndio unaobeba meno yako.

Hatua ya 2: Safisha nyuzi na upake grisi

Sehemu kubwa ya nguvu unayoweka kwenye spana huliwa na msuguano wa nyuzi na wa chini ya kichwa cha bolti. Takriban sehemu moja tu ya kumi ndiyo inayoivuta bolti yenyewe. Ndiyo maana bolti yenye kutu hudanganya. Spana inakuambia 5 Nm, mkono unahisi ugumu, kumbe vipande havijabanwa. Katika jiji lenye hewa ya chumvi kama hili jambo hili si dogo, na baiskeli zinazovuka kwa pantoni kwenda Kigamboni kila siku nazitambua kwa rangi ya bolti zake kabla mwenyewe hajaniambia anakoishi.

Ifungue bolti yote, piga nyuzi kwa brashi ya waya, futa kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo, acha ikauke, kisha paka grisi nyembamba kwenye nyuzi na chini ya kichwa. Grisi pia huzuia bolti ya chuma isigandane na aluminiamu, ugonjwa unaonisumbua zaidi baada ya mvua za masika. Mahali pawili usipake: penye gundi ya nyuzi ya rangi ya bluu, kama bolti za diski ya breki, na kwenye bomba la kiti la kaboni, ambalo lina krimu yake maalumu yenye chembechembe za kuzuia kuteleza.

Hatua ya 3: Chagua chombo cha kupimia

Spana ya toki inayofaa baiskeli ni ile ndogo, inayoanzia 2 hadi 20 au 24 Nm. Ile kubwa ya gereji ya magari haifai kwa bolti ndogo, hata kama mshale wake unaonyesha namba unayotaka, kwa sababu vyombo hivi hupoteza usahihi chini kabisa ya kipimo chake. Ukiwa nayo, shika katikati ya mpini, vuta polepole, na ikilia mara moja acha. Kuivuta ilie tena “kwa uhakika” ni kuongeza nguvu juu ya kipimo. Usiitumie kufungulia bolti iliyoganda, na ukimaliza kazi irudishe kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuihifadhi.

Asiye na spana hiyo atumie dumu, kama ifuatavyo.

Hatua ya 4: Kipimo cha dumu la maji

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kidumu cha lita 5 kilichojaa, kikining'inizwa sentimita 10 kutoka katikati ya bolti, hutoa takriban 5 Nm. Dumu la lita 20 kwa umbali wa sentimita 20 hutoa takriban 40 Nm. Namba hizi mbili zinatosha kwa kazi nyingi za baiskeli.

Fanya hivi. Pima kwa rula sentimita 10 kwenye mkono mrefu wa alenki, ukianzia katikati ya bolti, uweke alama kwa utepe. Kwa kazi hii unahitaji alenki ndefu, kwa sababu ile fupi ya kawaida ya namba 4 haifiki hapo. Kaza bolti kwa vidole mpaka iguse. Weka alenki ili mkono wake ulale sambamba na ardhi, upande ambao ukishuka utakaza, kisha funga kidumu kwa kamba kwenye alama na ukiachie taratibu kwa mikono miwili. Usikidondoshe, kwa kuwa mshtuko huongeza nguvu zaidi ya uzito. Alenki ikishuka, kipokee kidumu, rudisha alenki katika ulalo wake, uachie tena. Alenki isiposhuka tena ikiwa imelala, umefika.

Ukifanya hivi mara kumi, mkono wako utaanza kukumbuka. Wanafunzi wangu nawaambia wafumbe macho wakati kidumu kikining'inia, waiguse alenki kwa kidole na kusikia inavyosukuma. Wengi hushtuka kuona 5 Nm ni kidogo kiasi gani.

Bolti ambayo imesimama wima haiwezi kutundikiwa kitu. Hapo tumia mizani ya ndoano, kama ile ya wauza samaki: inase kwenye alama ya sentimita 10, vuta kwa pembe mraba hadi isome kilo 5.

Hatua ya 5: Usukani na kiti

Kwenye shingo za kisasa, anza na bolti ya juu ya kifuniko cha uma. Watu wengi huikaza kwa nguvu zote wakidhani ndiyo inayoshika usukani. Kazi yake ni kuondoa mchezo wa bearingi tu: bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, ukaze kidogo kidogo mpaka mlio wa kugonga uishe na usukani bado uzunguke bila kusita. Baada ya hapo ndipo unyooshe shingo na kukaza bolti zake za pembeni, kwa 5 Nm, kwa zamu.

Kifuniko cha mbele chenye bolti nne hukazwa kwa msalaba: juu kulia, chini kushoto, juu kushoto, chini kulia. Zunguka mara ya kwanza kwa kiasi kidogo, mara ya pili karibu na kipimo, ya tatu kwenye kipimo kamili. Tazama nafasi kati ya kifuniko na shingo. Iwe sawa juu na chini, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vinginevyo. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, namba kwenye spana itakuwa sahihi na bolti bado inaweza kukatika, kwa sababu inapinda huku inavutika.

Kibano cha bomba la kiti kinatosheka kwa 5 hadi 7 Nm. Kiti kikizidi kushuka licha ya kipimo hicho, usiongeze nguvu. Pima unene wa bomba, huenda ni la fremu nyingine.

Hatua ya 6: Krenki na pedali

Hapa kosa hugeuka, kwa kuwa karibu kila mtu hukaza kidogo mno. Bolti ya krenki (mkono unaoshika pedali) ya ekseli ya mraba inahitaji 35 hadi 50 Nm. Miaka ya mwanzo nilifunga krenki ya kushoto ya mteja anayebeba samaki kutoka Feri kwa alenki fupi ya 8, nikavuta mpaka kiganja kikauma, nikaridhika. Siku chache baadaye alirudi akiikokota baiskeli, mkono wa krenki umo kapuni. Nilipoushika niliona tundu la mraba limekuwa la duara, pembe zote nne zimelainika na kung'aa kama sarafu ya zamani. Krenki hiyo haikupona, nami nililipa mpya. Kwa urefu wa alenki ile, sidhani kama nilifika hata nusu ya kipimo.

Kwa hiyo tumia soketi au alenki yenye mpini mrefu, mtu mmoja aushikilie mkono wa krenki usizunguke, na dumu la lita 20 litundikwe sentimita 20 kutoka kwenye bolti. Ikague bolti tena baada ya safari ya kwanza, kisha uiache. Kuikaza upya kila wiki huipandisha krenki ya aluminiamu kwenye ekseli mpaka ipasuke.

Krenki za ekseli nene, zenye bolti mbili za kubana upande wa kushoto, hukazwa kwa 12 hadi 14 Nm, kwa zamu moja baada ya nyingine. Pedali ni 35 hadi 40, zikiwa na grisi, na pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha saa. Kikombe cha kulia cha ekseli ya kati, kwenye fremu nyingi tunazoziona hapa, nacho ni cha kinyume.

Hatua ya 7: Magurudumu na breki

Nati za gurudumu la nyuma, kwa kawaida spana ya 15, hukazwa 30 hadi 40 Nm, ukibadilishana kulia na kushoto ili gurudumu lisivutwe upande mmoja. Kwa anayebeba mkaa au kreti za soda, ninachagua 40. Bolti inayobana waya wa breki ni 6 hadi 8. Ukikaza zaidi utakata nyuzi za waya, na waya uliokatwa nusu hukatika siku ya kushuka mlima. Bolti za kalipa ya breki ya diski, yaani kibano cha breki hiyo, ni 6 hadi 8 pia. Bolti za diski yenyewe hukazwa kwa mfuatano wa nyota, na kwa diski za Shimano ni 2 hadi 4 tu.

Hatua ya 8: Weka alama

Baada ya kukaza, chora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye kipande kilicho chini yake. Mimi hutumia nyekundu, kwa sababu huonekana hata kwenye vumbi. Kila Jumapili, au kila unapojaza upepo, pitisha macho kwenye mistari hiyo. Iliyonyooka usiiguse kwa spana. Mstari uliovunjika unaonyesha bolti iliyosogea. Ifungue, isafishe, upake grisi na uikaze tena kwa kipimo. Ikisogea mara ya pili mahali pale pale, weka bolti mpya na ukague nyuzi za tundu lake.