Namna ya Kupima na Kufasiri HIF-1α katika Mapafu Yaliyoumizwa na Sepsisi

Anayeanza kuchunguza jinsi sepsisi (mwitikio mkali wa mwili kwa maambukizi unaoharibu viungo vyake wenyewe) inavyoumiza mapafu hujikwaa mapema kwenye dhana moja: kwamba HIF-1α, protini inayowasha jeni za kukabiliana na upungufu wa oksijeni, ikionekana kwa wingi, basi tishu hiyo ilikosa oksijeni. Dhana hiyo imeharibu kazi ya miezi mingi, hivyo inafaa kuuelewa utaratibu wa protini za kundi la HIF kabla ya kugusa sampuli.

Kinachohisi oksijeni hasa si HIF, bali ni vimeng'enya vya kundi la PHD, ambavyo hutumia oksijeni, madini ya chuma na 2-oksoglutareti (kemikali ndogo ya ndani ya seli) kuibandika HIF-1α alama kwenye asidi-amino zake mbili aina ya prolini, zilizo katika nafasi ya 402 na ya 564, kisha protini ya VHL huitambua alama hiyo na HIF-1α ikapelekwa kuvunjwa. Oksijeni ikipungua, alama haibandikwi, nayo HIF-1α hujikusanya, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni zake. Kwa kuufumbua utaratibu huu, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019.

Katika sepsisi, hata hivyo, kuna njia nyingine. Lipopolisakaridi, kemikali ya ukuta wa bakteria, inapochochea kipokezi cha TLR4 kwenye makrofagi (seli za kinga zinazomeza vijidudu), protini ya NF-κB inayowasha jeni za kinga huongeza utengenezaji wa HIF-1α, huku saksinati, kemikali ya umetaboli, inayolundikana ndani ya seli ikivizuia vimeng'enya vya PHD, hata pale ambapo oksijeni inatosha. Kwa sababu hiyo, usiiamini HIF-1α peke yake: mdunge mnyama wa jaribio pimonidazoli kabla ya kuchukua tishu, kwa kuwa dawa hiyo hunasa katika seli ambazo shinikizo la oksijeni limeshuka chini ya takribani mmHg 10. HIF-1α ikiwa juu mahali pasipo na pimonidazoli, tafuta chanzo kwenye njia ya kinga.

Sampuli ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Penye oksijeni, nusu ya HIF-1α hutoweka katika muda usiofika dakika 5, na pafu ni kiungo kilichojaa hewa. Andika majina kwenye vichupa vyote kabla ya kumfungua mnyama, weka nitrojeni ya kimiminika karibu na mkono, na ugandishe kipande mara kinapokatwa. Pafu linaloachwa mezani wakati wewe unatafuta kalamu halitakueleza tena hali iliyokuwa ndani ya mwili. Unapoisaga tishu, isage kwenye barafu, katika mchanganyiko wenye vizuizi vya vimeng'enya vinavyovunja protini pamoja na kizuizi cha PHD kama deferoksamini. Kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, mstari wa HIF-1α huonekana karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 120, ingawa hesabu ya asidi-amino zake hutoa takribani 93. Kwa hiyo weka pembeni seli zilizotibiwa kwa kobalti kloridi, ambayo huzuia HIF-1α isivunjwe, ili ujue mstari ulio sahihi.

Pafu zima lililosagwa huficha jambo muhimu zaidi, nami naliona kuwa kosa linalorudiwa mno. Katika makrofagi, HIF-1α huchochea utengenezaji wa IL-1β, protini ya kuashiria ya kinga, na kuzidisha uvimbe. Katika seli zinazofunika vifuko vya hewa, majaribio ya panya yameonyesha kwamba HIF-1α hiyohiyo hulinda pafu, na ndugu yake HIF-2α katika seli za ndani ya mishipa ya damu huimarisha viungio vinavyozuia majimaji kuvuja. Tenganisha seli, au paka kingamwili kwenye vipande vyembamba vya tishu, kisha taja katika matokeo ni seli gani iliyopimwa na ni saa ngapi baada ya maambukizi kuanza.

Tahadhari hiyohiyo inahusu dawa zinazozuia PHD. Roksadustati imeidhinishwa katika nchi kadhaa kwa upungufu wa damu unaotokana na ugonjwa sugu wa figo. Si tiba ya sepsisi, kwani huinua HIF katika makrofagi na katika mishipa kwa pamoja. Ukiitumia kwa panya, pima IL-1β na uvujaji wa majimaji katika mnyama yuleyule.