Jinsi ya kuchagua kozi za muhula mmoja Ujerumani bila kupoteza muhula wako nyumbani

Barua ya kukubaliwa ikishafika, wanafunzi wengi huhangaikia viza na koti la baridi. Kozi wanaziacha, wakisema zitaamuliwa wakifika. Nami nilifanya hivyo. Nilikwenda Ujerumani mwaka wa tatu kwa muhula mmoja, nikafaulu kozi nne, na niliporudi idara ilizitambua mbili tu. Mbili zilizobaki niliambiwa nizisome upya hapa nyumbani, darasa moja na wadogo zangu wa mwaka wa nyuma.

Leo ninawasaidia wanafunzi wa idara yetu wanaokwenda kwa mabadilishano, na jambo la kwanza ninalowaambia ni hili: kozi za ughaibuni zichaguliwe ukiwa bado nyumbani. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliyesajiliwa chuo cha Tanzania anayekwenda muhula mmoja Ujerumani kwa mpango kama Erasmus+ (mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi), halipi ada ya masomo kule, na anatakiwa arudi na krediti. Anayekwenda kusoma shahada nzima njia yake ni nyingine.

Hatua ya 1: Anza na kozi ambazo ungesoma hapa

Usifungue tovuti ya chuo cha kule kwanza. Chukua prospektasi ya programu yako, andika kwenye karatasi kozi zote za muhula utakaokosekana: msimbo wa kozi, krediti zake, na kama ni ya lazima au ya hiari. Karatasi hiyo ndiyo utakayotembea nayo mpaka mwisho.

Kozi za hiari hazisumbui sana, kwa sababu mkuu wa idara anaweza kukubali kozi ya kule inayokaribiana. Shida iko kwenye za lazima. Kama muhula una kozi nne za lazima na moja ya hiari, ni muhula mbaya wa kuondoka, hata kama ufadhili umefika. Omba usogezwe. Muhula wa utafiti wa kumalizia shahada usiuguse kabisa.

Kisha linganisha kalenda. Kwenye vyuo vikuu vingi vya Ujerumani muhula wa baridi huanza rasmi Oktoba 1 na kuisha Machi 31, lakini vipindi vyenyewe huanza katikati ya Oktoba na kuisha Februari. Muhula wa kiangazi ni Aprili 1 hadi Septemba 30, vipindi vikianza Aprili na kuisha Julai. Mitihani mingi huja vipindi vikishaisha. Weka almanaki ya chuo chako pembeni uone utarudi lini. Kwa wanafunzi wetu wengi muhula wa baridi unakaa vizuri zaidi. Ukienda wa kiangazi, muhula wetu wa pili unakuwa umeshaanza kabla hujapanda ndege.

Hatua ya 2: Uliza mlango upi uko wazi kwako

Chuo cha Ujerumani kinaweza kuwa na kozi mamia kwenye orodha yake, nawe usiruhusiwe hata robo. Mkataba wa mabadilishano mara nyingi huwa ni kati ya kitivo na kitivo. Kama mkataba wenu ni wa jiografia, usitegemee kujazia kozi za uchumi mpaka uulize kwa maandishi. Tiba na saikolojia mara nyingi hazifunguliwi kwa mgeni wa muhula mmoja. Kozi za uzamili nazo huwa na sharti kwamba uwe umeshamaliza kiasi fulani cha shahada ya kwanza.

Vyuo vingi huwa na orodha mbili: ile kubwa ya chuo kizima, na ndogo iliyoandaliwa kwa wanafunzi wa mabadilishano, yenye kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza. Anza na hiyo ndogo. Mwandikie mratibu wa kule baruapepe fupi, umtajie programu yako, mwaka wako na muhula utakaokuja, kisha umuulize ni vitivo gani vinakupokea na orodha ya muhula huo itatoka lini. Swali la mwisho ni la msingi, maana unapojaza fomu orodha mpya huenda haijatoka. Hapo utatumia ya mwaka uliopita, muhula kama wako: ukienda baridi tazama ya baridi iliyopita. Kozi nyingi hutolewa mara moja tu kwa mwaka.

Hatua ya 3: Soma maelezo ya kozi, usiishie kwenye jina

Hapa ndipo nilipoumia. Kozi moja niliichagua kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza. Siku ya kwanza mhadhiri aliingia, akasalimia kwa Kijerumani, akaendelea kwa Kijerumani dakika tisini. Maelezo ya kozi yalikuwa yamesema wazi kwamba lugha ya kufundishia ni Kijerumani, ila nilikuwa sijayafungua.

Kila kozi ina ukurasa wake wa maelezo ya moduli. Tafuta mambo haya:

Lugha ya kufundishia. Kama imeandikwa Kijerumani na Kiingereza pamoja, andika uulize muhula huu ni ipi.

Aina ya kipindi. Vorlesung ni mhadhara: unakaa unasikiliza, na mara nyingi mtihani ni wa kuandika mwishoni. Seminar ni darasa dogo ambako utawasilisha mada mbele ya wenzako na kuandika insha ndefu baada ya muhula. Übung ni mazoezi, na mara nyingi hufuatana na mhadhara. Ukichukua mhadhara ukaacha mazoezi yake, huenda usipate krediti zote zilizoandikwa. Mwanafunzi wetu aliyezoea mtihani wa mwisho wenye uzito mkubwa asijaze semina nne kwa mpigo. Insha nne za kurasa kumi na tano, zote zikidaiwa Machi, si mchezo.

Herufi SWS. Hizo ni saa za kipindi kwa wiki, saa moja ikihesabiwa dakika 45: 2 SWS ni kipindi kimoja cha dakika tisini kila wiki. Hazihusiani moja kwa moja na krediti, usizichanganye.

Masharti ya kuingia. Kama wanataka uwe umesoma takwimu, tafuta kwenye matokeo yako kozi inayothibitisha hivyo na uiambatanishe.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya krediti, kisha mkubaliane kwa maandishi

Hatua hii ina utata kuliko zote, na ndiyo inayoleta ugomvi mwanafunzi akirudi. Nenda nayo taratibu.

Krediti za Ulaya huitwa ECTS. Mwaka mzima ni 60, muhula ni 30. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, na Ujerumani kwa kawaida wanahesabu 30. Saa hizo ni pamoja na kusoma mwenyewe maktaba, kazi za nyumbani na mtihani. Kwetu Tanzania, kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti moja ni saa 10 za kazi, na mwaka ni krediti 120, yaani 60 kwa muhula.

Sasa tazama. Ukilinganisha kwa mwaka, 60 za Ulaya ni sawa na 120 zetu, kwa hiyo krediti moja ya kule ni mbili za hapa. Ukilinganisha kwa saa, moja ya kule ni saa 30, yaani tatu za hapa. Chukua kozi ya ECTS 5. Kwa njia ya kwanza ni krediti 10, kwa ya pili ni 15. Kozi yako ya nyumbani unayotaka kuifidia ina krediti 12. Njia moja inakupa pungufu, nyingine inakupa ziada! Wewe utahesabu ya ziada, na ofisi ya mitihani itahesabu ya pungufu.

Ushauri wangu ni kwamba hesabu siku zote kwa moja kwa mbili, ile kali. Kozi ya krediti 12 itafutie ya ECTS 6. Ukikosa ya 6, unganisha mbili ndogo za mada moja, kwa mfano mhadhara wa 3 na mazoezi ya 3. Kisha mwombe mkuu wa idara aandike uwiano uliotumika kwenye barua yenye saini na muhuri. Wakuu wa idara hubadilika, na atakayekupokea huenda asiwe yule aliyekuaga.

Anayekwenda Uingereza hana kazi hii kubwa, maana kule nako krediti moja ni saa 10 na mwaka ni 120. Marekani ndiko hesabu inageuka kabisa: muhula ni krediti 15 kwa kawaida, kozi moja 3 hivi, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya masomo hatakiwi kushuka chini ya 12.

Hatua ya 5: Andika kozi nane ili upate tano

Orodha ya kwanza haijawahi kubaki ilivyo kwa mwanafunzi hata mmoja niliyemsaidia. Kozi inafutwa, darasa linajaa, vipindi viwili vinagongana Jumanne saa nne asubuhi. Kwa hiyo kila kozi ya lazima iwe na mbadala wake, na mbadala huo uwe umeshaoneshwa kwa mkuu wa idara kabla hujaondoka.

Weka pia kozi moja ambayo kwetu haipo. Kama ni mwanafunzi wa sheria, soma sheria ya Umoja wa Ulaya kwa mtu anayeiishi. Kama ni wa jiografia, tafuta maabara yenye vifaa ambavyo hapa unavisoma kwenye slaidi tu. Safari ina maana kwa sababu ya kozi kama hiyo, hata ikihesabiwa kama ya hiari.

Kozi ya Kijerumani cha kuanzia ichukue, itakusaidia dukani na kwenye treni, lakini usiitegemee kwa krediti za nyumbani. Na kama unakwenda Bayreuth, Leipzig au Hamburg utakuta Kiswahili kinafundishwa. Nenda ukawasaidie wanafunzi kuzungumza, utapata marafiki wa kweli. Ila usiiandike kozi ya Kiswahili cha wanaoanza kwenye fomu yako, idara yako haitaitambua.

Hatua ya 6: Jaza mkataba wa masomo

Kwa Erasmus+ fomu inaitwa Learning Agreement. Ina jedwali A, kozi utakazosoma kule, na jedwali B, kozi za nyumbani zitakazofidiwa. Saini ni tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo cha kule.

Wanafunzi hujaza A kwa makini na B wanaandika "kozi za hiari" basi. Usifanye hivyo. Kila mstari wa B uwe na msimbo wa kozi, jina kamili na krediti, ili anayesoma aone kozi ipi ya kule inasimama badala ya ipi ya hapa. Anza na saini ya nyumbani. Ukianza na ya kule, mkuu wa idara akikataa kozi moja itabidi uanze upya.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza kule

Nenda kwenye kila kozi wiki ya kwanza, hata zile mbadala. Kipindi kilichoandikwa saa nne c.t. huanza saa nne na robo. Kikiandikwa s.t. huanza saa nne kamili. Kozi ikibadilika, jaza sehemu ya mabadiliko kwenye mkataba mara moja na uitume nyumbani isainiwe. Mabadiliko yasiyo na saini ya nyumbani ndiyo yaliyoniponza mimi.

Na sasa jambo ambalo ninawarudia mpaka wananichoka: kujisajili kwenye kozi si kujisajili kwenye mtihani. Kwetu ukishasajili kozi, mtihani unakuja wenyewe. Vyuo vingi vya Ujerumani vina usajili wa pili, wa mtihani, katikati ya muhula, wenye siku yake ya mwisho. Binti mmoja wa idara yetu alihudhuria vipindi vyote, akafanya mazoezi yote, akafika chumba cha mtihani akakuta jina lake halimo. Mfumo ulikuwa umefungwa wiki tatu kabla. Alinipigia simu akilia, nami sikuwa na la kumfanyia. Siku ya kwanza ukipata akaunti ya chuo, tafuta tarehe hiyo, iweke kwenye simu na kengele mbili, na ukishajisajili piga picha ya ukurasa wa uthibitisho.

Hatua ya 8: Kabla hujafunga sanduku

Pakua maelezo ya moduli ya kila kozi kama faili na uyahifadhi, kwa sababu mwakani kurasa hizo hubadilishwa. Hifadhi insha zako na mada ulizowasilisha. Muulize mratibu transkripti, yaani hati rasmi ya matokeo yako, itatumwa lini na kwa nani. Fomu ya Erasmus+ inasema kwa kawaida isizidi wiki tano baada ya matokeo kutoka, lakini mhadhiri anayesahihisha insha anaweza kuchukua muda wake kabla ya hapo. Waambie nyumbani mapema kwamba matokeo yatachelewa, wasije wakakuandikia kwamba hujakamilisha.

Halafu kuna alama zenyewe. Ujerumani 1.0 ni alama ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Kwenye vyuo vyetu vinavyotumia GPA ya 5, ni kinyume chake. Nimeshuhudia transkripti yenye 1.3, alama nzuri mno, ikisomwa dirishani kama maafa. Kwa hiyo omba chuo cha kule ukurasa unaoeleza mfumo wao wa alama, uwe na muhuri wao, na uubane pamoja na transkripti, mkataba wa masomo wenye saini zote na ile barua ya uwiano wa krediti. Bahasha hiyo uipeleke mwenyewe ofisi ya mitihani, wakusainie kwamba wameipokea, na nakala ubaki nayo.