Kutambua mwaka wa picha ya vita vya China na Japani, 1937–1945

Maelezo yaliyo chini ya picha yaache kwanza. Mengi ni propaganda ya upande mmoja au mwingine, na mengine yaliongezwa na muuzaji miaka mingi baadaye. Tafuta ndege, na kwenye ndege anza na magurudumu.

Ndege ya Japani ya kupambana na ndege nyingine (si ya mabomu wala ya upelelezi), yenye bawa la tabaka moja na magurudumu yasiyokunjika, ni moja kati ya mbili: A5M ya jeshi la majini, iliyopigana Shanghai 1937, au Ki-27 ya jeshi la nchi kavu, iliyoingia China 1938. Rubani wa A5M kwa kawaida yuko wazi, wa Ki-27 amefunikwa kioo. Usitegemee kioo pekee, kwa sababu A5M chache zilifunikwa pia, marubani wakazikataa. Tazama bawa: la A5M limeviringika hadi nchani. Magurudumu yakikunjwa kabisa, unatazama Zero ya jeshi la majini, iliyopigana mara ya kwanza 13 Septemba 1940 karibu na Chongqing, au ndege ya jeshi la nchi kavu ya 1941 na kuendelea, kama Ki-43. Kwa hiyo "Zero juu ya Shanghai, 1937" ni uongo mtupu.

Alama ndizo zinazoponza wengi. Filamu nyingi za zama hizo hazikuipokea rangi nyekundu vizuri, hivyo duara jekundu la Japani hutoka jeusi na linaweza kufanana na duara la buluu la China. Chukua kioo cha kukuzia utafute jua jeupe lenye miale 12. Likiwepo, ndege ni ya China. Nyota ya Marekani yenye vibao vyeupe pembeni ni ya katikati ya 1943 au baadaye.

Kwa vifaru vya Japani, hesabu magurudumu makubwa ya upande mmoja, yale yanayokanyaga mnyororo chini. Manne na mzinga mdogo: huenda ni Type 95. Manne na bunduki ya rashasha tu: huenda ni Type 94, kifaru kidogo cha watu wawili. Sita: huenda ni Type 97, na hapo picha si ya kabla ya 1938.

Bunduki za rashasha zenye magazini juu hutofautishwa kwa umbo la magazini. Iliyopinda, ya risasi 30, kwa kawaida ni Type 96 au Type 99 za Japani. Iliyonyooka, ya risasi 20, kwa kawaida ni ZB-26 iliyopendwa na Wachina. Lakini Wajapani waliziteka ZB-26 nyingi wakazitumia, kwa hiyo bunduki peke yake haikuambii askari ni wa nani.

Kifaa kipya kuliko vyote pichani ndicho kinachoweka kikomo, nacho ni cha "si kabla ya" tu. Kwa mfano, Ki-27 zilikuwa bado zinaruka 1945.

Kabla ya kuandika mwaka, angalia mkono wa komeo la bunduki za askari, ule unaovutwa kuingiza risasi. Arisaka za Wajapani na Mauser za Wachina zote zinao kulia. Ukiuona kushoto kwenye bunduki zote, picha imechapwa kinyume: igeuze, kisha usome upya mabango na namba za mikiani.