Kuhama Uwanja Mkongwe bila Kuupoteza: Mwongozo kwa Wakazi wa Dodoma

Habari za Dodoma kupata uwanja mkubwa wa kisasa zimekuwa zikisikika tangu Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipotoa ahadi hiyo mwaka 2016, na zimepamba moto zaidi baada ya Tanzania, Kenya na Uganda kupewa uenyeji wa AFCON ya 2027. Mwongozo huu unawalenga madiwani, viongozi wa klabu na mashabiki watakaoitwa kwenye vikao vya maoni, ambako kwa kawaida huonyeshwa picha za kupendeza za jengo jipya huku uwanja wa zamani ukitajwa kwa sentensi moja. Mifano mingi nimeichukua kwenye besiboli ya Marekani, kwa sababu ni vigumu kupata mchezo mwingine uliobomoa viwanja vipenzi vingi kiasi hicho na kuacha kumbukumbu nyingi za namna kazi hiyo ilivyofanyika, kwa uzuri na kwa ubaya.

Amueni kwanza hatima ya uwanja wa zamani

Swali la kwanza si uwanja mpya ujengwe wapi, bali ule wa zamani utakuwa nini kesho yake baada ya mechi ya mwisho. Mjini Detroit, Tiger Stadium ulifunguliwa mwaka 1912 na timu ikahama mwishoni mwa msimu wa 1999 bila kuwapo mpango wowote uliokamilika wa matumizi yake. Jengo lilikaa tupu kwa miaka mingi hadi lilipobomolewa mwaka 2008 na 2009, kisha eneo la kuchezea likamezwa na magugu, mpaka mashabiki wenyewe walipoanza kwenda na mashine zao kukata nyasi. Uwanja mdogo wa vijana ulikuja kufunguliwa mahali hapo mwaka 2018, karibu miongo miwili baada ya mechi ya mwisho.

New York walikuwa na mpango, lakini hesabu ya muda ikawaponyoka. Yankee Stadium mpya, uliofunguliwa mwaka 2009, ulijengwa ng'ambo ya barabara juu ya bustani ya umma, kwa ahadi kwamba bustani hiyo ingefidiwa kwa viwanja vya wazi pale uliposimama uwanja wa zamani. Ahadi ilitimizwa mwaka 2012, ila ujenzi ulikuwa umeanza mwaka 2006, na katikati hapo vijana wa mtaa ule walikuwa wamepoteza sehemu yao ya kuchezea. Kwa hiyo mkataba usitaje tu kitakachofanyika. Utaje pia tarehe, fungu la fedha litakakotoka, na nani atawajibika ikichelewa.

Hapa kwetu mfano mzuri uko Dar es Salaam. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, ulifunguliwa mwaka 2007 kando ya Uwanja wa Uhuru, na Uhuru haukubomolewa. Uliendelea kuchezewa mechi na kubeba shughuli za kitaifa. Dodoma ina ugumu mmoja wa ziada, kwamba viwanja vingi vikongwe vya mikoani, Uwanja wa Jamhuri wa hapa Dodoma ukiwa mmojawapo, ni mali ya Chama cha Mapinduzi, ilhali uwanja mpya hujengwa kwa fedha za serikali. Anayejenga kipya si mwenye kile cha zamani. Ombeni kuona hati ya umiliki na matumizi ya ardhi yaliyoandikwa kwenye mpango wa jiji, kisha makubaliano na mmiliki yaandikwe kabla zabuni ya uwanja mpya haijatangazwa, kwa kuwa kiwanja kilicho katikati ya jiji linalokua kwa kasi hakitakosa mnunuzi.

Pigeni hesabu ya ukarabati, hata kama jibu mnalijua

Wamiliki wa Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa pia mwaka 1912, walitangaza mwaka 1999 kwamba wangejenga uwanja mpya. Waliowarithi mwaka 2002 wakachagua kukarabati, na mwaka uliofuata wakaweka viti juu ya ule ukuta maarufu wa kijani wa uwanja huo, wenye kimo cha mita 11 hivi. Kule Japani, uwanja wa besiboli wa Koshien, wa mwaka 1924, ulikarabatiwa kwa awamu kati ya 2007 na 2010, kazi kubwa zikifanywa msimu wa mashindano ukiwa umefungwa. Kuta zake zilikuwa zimefunikwa na mimea itambaayo ambayo ililazimika kuondolewa. Lakini miche yake ilikuwa imegawiwa shule za sekondari nchini kote mwaka 2000, hivyo baadhi ya shule zikarudisha vizazi vya mimea ileile kupandwa upya. Huo ndio uhifadhi unaogharimu kidogo na kukumbukwa sana, na ulihitaji tu mtu wa kufikiri mapema.

Ikiwa ardhi ni finyu, milango haitoshi na masharti ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) hayafikiki, basi jengeni kipya. Hilo la milango si dogo: mwaka 2021, wakati wa kumuaga Rais Magufuli, watu 45 walipoteza maisha kwa msongamano katika Uwanja wa Uhuru.

Mambo ya kupima kabla ya kuchora

Mchoro mzuri huanzia kwenye jukwaa la zamani, kwa futi ya kupimia. Pimeni umbali kutoka kiti cha mbele hadi mstari wa pembeni, na mkae jukwaa la mzunguko katika mechi ya saa 10 jioni muone jua linampiga nani usoni. Katika Dodoma jukwaa refu lenye paa linapaswa kuwa magharibi, jua la jioni likiwa mgongoni, na magoli yaelekee kaskazini na kusini. Mstari wa macho nao una kipimo: mstari wa kuona wa aliyekaa nyuma upite juu ya usawa wa macho ya wa mbele kwa sentimita 9 hadi 12.

Njia ya riadha ndiyo inayoharibu viwanja vingi kwa kumweka shabiki wa soka mbali na mchezo, na hapa natoa maoni yangu waziwazi. Miaka ya 1960 na 1970 Wamarekani walijenga viwanja vya duara vya kuchezea besiboli na futiboli ya Kimarekani pamoja. Shabiki akakaa mbali na michezo yote miwili, na vile vya Pittsburgh, Cincinnati na Philadelphia vilibomolewa baada ya kutumika miaka 30 hivi tu. Wanariadha wa kanda ya kati wanastahili njia yao, lakini mahali pake pazuri ni uwanja wa zamani uliokarabatiwa.

Udongo upimwe mapema. Sehemu za mabondeni zina udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na matetemeko madogo hayako mbali na eneo hili. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha ukame. Nyasi za asili zitahitaji visima na matangi yake, zisishindane na bomba la wananchi.

Mama lishe, wauza maji na bodaboda wa uwanja wa zamani waorodheshwe kwa majina na wapewe nafasi kwenye mchoro, kwa kuwa mkandarasi hawafahamu.

Kuhama kwenyewe

Msihame kwa mechi ya watani. Anzeni na mechi za vijana, mkifungua jukwaa moja, kisha mawili, huku mkihesabu dakika za kutoka. Mwongozo wa usalama wa Uingereza huweka kikomo cha dakika 8 kwa watu kuondoka majukwaani. Jaribuni vyoo vyote wakati mmoja wa mapumziko, zimeni umeme makusudi ili muone kama jenereta linaitika, na acheni Jamhuri uwe tayari kupokea mechi kwa msimu mzima wa kwanza, nyasi zikiwa zimekatwa na leseni ikiwa hai.