Unataka kujua kama mtishamba unatibu macho makavu? Upime hivi

Kwanza kabisa naomba sana, usikamulie jani lolote kwenye jicho la mtu halafu uite utafiti. Mwaka 2023 kule Marekani kuna matone ya machozi ya bandia, ya kiwandani kabisa, yalikutwa na bakteria anaitwa Pseudomonas aeruginosa, watu wakapofuka na wengine wakafa. Sasa kama kiwandani inatokea, chungu cha jikoni je?

Haya tuanze na mmea wenyewe. Hakikisha mtaalamu wa mimea ameutambua kwa jina la kisayansi na sampuli iliyokaushwa imehifadhiwa, maana jina moja la mtaani linaweza kubeba mimea mitatu tofauti. Andika umetumia jani au mzizi, umechemsha kwa maji au umeloweka kwenye spiriti, kwa sababu kinachotoka hakifanani kabisa.

Halafu maabara. Seli za konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) zinawekwa kwenye maji yenye chumvi kali kuiga jicho lililokauka, unaangalia dawa inapunguza uvimbe au inaua seli zenyewe. Ikipita hapo ndo unaenda kwa panya, ambao machozi yao hupunguzwa kwa dawa kama skopolamini. Hatua hii watu wengi wanaishia hapa na kutangaza tiba imepatikana, mi naona sio sawa, panya sio mtu.

Kwa binadamu lazima upate kibali cha kamati ya maadili, na daktari wa macho awepo. Dawa ya matone iwe safi bila kimelea chochote, na ukali wa asidi na chumvi yake visipishane sana na machozi.

Sasa hapa ndo pagumu na ndo napenda mnisikilize. Jicho kavu ukilitonesha majimaji yoyote litapata nafuu kwa muda, hata kama hamna dawa ndani, kwa hiyo mgonjwa akisema "nimepona" bado hujajua kama ni mmea au ni ule unyevu tu. Ndo maana unahitaji kundi la pili linalotumia matone yenye kila kitu isipokuwa mmea, rangi na harufu zifanane, watu wagawanywe kwa bahati nasibu na wala mgonjwa wala anayepima asijue nani kapewa nini. Hata dawa ya kumeza inataka hivyo hivyo, utafiti wa DREAM uliotoka 2018 uliwapa watu 535 omega 3 (mafuta ya samaki) au mafuta ya zeituni ya kulinganishia kwa mwaka mzima, dalili zikashuka kwa wastani wa pointi 13.9 kati ya 100 upande wa omega 3 na 12.5 upande wa zeituni, yaani wote walipata nafuu na tofauti ya maana haikuwepo. Bila kundi la pili tungeimba sifa za omega 3 mpaka leo!

Vipimo usitegemee kimoja. Karatasi ya Schirmer inakaa kwenye kope la chini dakika 5, ikilowa milimita 5 au chini ya hapo machozi ni machache kweli. Unapaka rangi ya fluoresini uhesabu sekunde mpaka utando wa machozi upasuke, chini ya 10 kuna shida. Na dodoso la OSDI linalouliza dalili za jicho kavu, maswali 12, alama 0 mpaka 100, kuanzia 13 inahesabika ni tatizo. Usishangae vikipingana, kuna wenye machozi mengi tu ila tezi za mafuta kwenye kope zimeziba kwa hiyo machozi yanakauka haraka, hao uwatenge mapema.

Alafu macho mawili ya mtu mmoja sio wagonjwa wawili, ukihesabu hivo majibu yatakudanganya. Pima mwanzo, wiki ya 4 na ya 12, na walioacha njiani kwa sababu jicho liliwasha waandike pia, tena waandike juu kabisa.