Kabla ya kufunga tabo kwenye Mkonga

Mwenye Mkonga, yaani Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ, anayebeba mzigo kati ya Tabora na Kigoma hutamani tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na ni haki yake, maana lita 4.2 bila tabo huchoka mapema. Ila injini hiyo Toyota hakuiundia tabo. Mgandamizo wake, yaani kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na tabo, ni 18.6 kwa 1. Ukiongeza presha ya tabo juu ya mgandamizo wa 1HZ, silinda hedi hupasuka kwenye vyumba vidogo vya kuwashia, au pistoni huyeyuka.

Kinachoua hasa ni dizeli inayozidi. Hewa ikiongezeka peke yake, moshi hupoa. Fundi akifungua skrubu ya pampu ili gari "livute", joto hupanda. Basi funga kwanza geji ya joto la moshi, kipimo chake kikae kwenye manifoldi (bomba la moshi linaloshikana na injini), mahali moshi haujafika kwenye tabo. Joto likikaribia nyuzi 650 za Selsiasi, punguza mafuta, shuka gia. Mchanga na mzigo kwa gia kubwa ndiyo hatari kuliko mwendo kasi. Presha ya tabo isizidi paundi 7 au 8 (psi).

Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo literemke moja kwa moja, liingie sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likipinda, tabo itavujisha. Oili badilisha kila kilomita 5,000. Ukitoka kwenye kazi nzito, iache injini ingurume bila mwendo dakika mbili ndipo uzime.

Rejeta iliyoziba? Usifunge tabo kabisa.