Dakika 20 za hesabu, dagaa wakiwa kwenye chanja

Ninafundisha Hisabati shule ya msingi huku Ilemela, Mwanza, na mke wangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Desemba watoto wote wako nyumbani na dagaa wako kwenye chanja. Mambo ya marudio ya likizo nimejifunza zaidi kwa binti yangu kuliko darasani, tena baada ya kukosea mara mbili.

Alipomaliza darasa la nne nilimwacha apumzike hadi shule ifunguliwe. Januari nikakuta amesahau kugawanya kwa namba ya tarakimu mbili, kitu alichokuwa anakifanya bila shida kabla ya mtihani. Mwaka uliofuata nikageuka mkali: maswali 30 kila siku. Wiki ya pili nikalikuta daftari limefichwa chini ya magunia ya mama yake. Iliniuma sana, kwa sababu mtoto huyu alikuwa anapenda hesabu.

Siku hizi tunafanya hivi. Wiki ya kwanza baada ya shule kufungwa hagusi hesabu. Analala, anacheza rede na wenzake, anakwenda kwa bibi. Baada ya hapo ni dakika 20, siku nne kwa wiki, maswali matatu au manne tu. Tunapishanisha siku makusudi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, aliona kwamba kusahau kunakwenda kasi mwanzoni kisha kunapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanashika kuliko kurundika yote siku moja. Nimeliona hilo hilo kwa wanafunzi wangu.

Muda wa kukaa chini unategemea nyumba yenu. Kwetu unategemea mwezi. Usiku wa giza wavuvi wanaingia ziwani na taa, asubuhi nyumba nzima iko kwenye kuanika, basi hesabu tunafanya saa nne, dagaa wakishatandazwa. Mbalamwezi ikiwaka mzigo unakuwa haba, tunafanya mapema baada ya uji.

Cha kuanzia ni karatasi ya mtihani aliyoufanya. Usikimbilie kununua kitabu kipya. Kaeni pamoja, mpitie maswali aliyokosa, na kila moja mliwekee alama: hili hakulijua kabisa, hili alilijua akateleza katikati, hili hakulisoma vizuri. Anza na yale aliyoteleza, kwa kuwa hapo ndipo mtoto anapata ushindi wa haraka. Yale asiyoyajua kabisa chukua mada moja au mbili, nyingine mwachie mwalimu wake.

Binti yangu alikuwa ameandika 3/4 − 1/3 = 2/1. Alitoa kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Sikumwambia amekosea. Nilichukua ndoo ndogo inayojaa kwa vikombe 12, nikaweka maji.

“Mwanangu, ndoo hii ina maji robo tatu. Nikichota theluthi ya ndoo, zitabaki ndoo mbili?”

Akacheka. “Hapana baba, haiwezekani!”

“Robo tatu ya ndoo ni vikombe vingapi?” Akahesabu: 9. Na theluthi? Akafikiri kidogo: 4. Akachota vikombe vinne mwenyewe, akapima vilivyobaki, vikawa vitano. Akaandika 5/12, akainua macho. “Kumbe ile 12 ndiyo KDS ya 4 na 3!” Darasani alikuwa akiitafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) kwa kukariri hatua, hajui inamsaidia nini. Siku ile hatukufanya swali lingine. Mtoto akifika hapo, funga daftari angali ana hamu.

Mada nyingine zinajileta zenyewe. Asilimia: tuseme mama amenunua ndoo ya dagaa kwa shilingi 20,000, akaigawa sado 5 na kuuza kila moja shilingi 5,000, faida ni asilimia ngapi ya mtaji? Saa: mkienda Ukerewe, aandike meli imeng'oa nanga saa ngapi na imefika Nansio saa ngapi, atoe, akumbuke kwamba saa moja ina dakika 60 na si 100. Kasi: Daraja la Kigongo–Busisi lina kilomita 3, gari likienda kilomita 60 kwa saa linavuka kwa dakika ngapi? Tebo ya 7 na ya 8 mwulize mkiwa mnachambua dagaa, bila daftari. MAGAZIJUTO (mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ndiyo inayotaka kalamu, hiyo usiifanye kwa mdomo.

Nakuomba jambo moja, mzazi mwenzangu: usimtajie mtoto wa jirani aliyepata alama nyingi. Na kalamu nyekundu iache shuleni. Akikosa, mwambie akuonyeshe alivyofikiri. Mara nyingi atalikamata kosa mwenyewe kabla hajamaliza kueleza.

Wiki ya mwisho kabla ya kufungua, mpe tena yale maswali aliyokosa kwenye mtihani, kwenye karatasi safi, ayafanye peke yake. Daftari jipya la nini? Kurasa zilizobaki kwenye la mwaka uliokwisha zinatosha.